Siku Tuliyoshusha Injini ya Mwingereza

Uani siku ile tulikuwa watano. Mwenye nyumba wangu, mzee wa Kichina ambaye sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii kitu. Mkewe, aliyekaa langoni na beseni la mboga. Mdogo wangu wa kike, anayenifuata kuzaliwa, aliyekuja Guangzhou kununua nguo na viatu vya jumla katika soko la Zhanxi. Mtu wa Unguja, mpakiaji wa mizigo katika jengo la Tianxiu, rafiki yetu. Na mimi. Polisi walikuja baadaye. Sitamtaja yeyote kwa jina, kwa sababu mmoja wetu jina lake limeshasemwa vya kutosha na watu wasiomjua.

Katikati ya ua lilisimama gari tulilolibandika jina la Mwingereza. Lilikuwa gari dogo la zamani, la tangu baba yetu hajaoa, rangi yake ya kijani imepauka, mgongo wake umevimba kama boflo. Mzee aliwahi kuendesha gari kama lile ujanani, akiwa dereva wa tajiri mmoja Hong Kong. Uzeeni akalipata hili, likavushwa mpaka kwa njia ambayo hakupenda kuieleza. Usukani ulikuwa kulia, na kule huwa kushoto, karatasi hazikuwepo, kwa hiyo halikuweza kutoka nje ya lango. Asubuhi aliliwasha, akakaa ndani na gazeti, injini ikanguruma, kisha akalizima. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yake ya kila siku. Halafu likaanza kutoa moshi wa buluu na kunywa oili, na mwisho likagoma kabisa kuwaka.

Mimi ni wa kwanza kati ya watoto watano. Baba alitangulia, mama akafuata kabla hatujaanua matanga vizuri, na nikaacha shule nikiwa kidato cha pili. Nilichukuliwa kwenye gereji ya misheni mjini kwetu, Dodoma, ambako magari ya Kiingereza ya zamani yalikuwa yakitengenezwa na kutengenezwa tena kwa sababu hapakuwa na fedha ya kununua mengine. Nilifungua na kufunga injini za namna ile mpaka nikawa siangalii mikono. Baadaye nikaingia kwenye biashara ya vipuri, na vipuri vikanileta China. Nyumbani walibaki watatu shuleni. Walikuwa wakisoma kwa kile nilichokituma, na nilikituma kwa kuwa nilikuwa Guangzhou. Nikiondoka pale, wanaacha shule. Hakukuwa na hesabu nyingine.

Mwaka ule, kabla ya michezo ya Olimpiki ya Beijing, msako ulianza. Polisi walisimama kwenye daraja la waenda kwa miguu la Xiaobei na kwenye milango ya Tianxiu wakiuliza pasipoti. Viza ambazo tulizoea kuongeza zikawa haziongezwi mpaka uonyeshe karatasi ya kituo cha polisi cha mtaa, kwamba mwenye nyumba amekuandikisha. Wenye nyumba wakaogopa. Walisema wakienda kituoni na mtu mweusi wataandikwa wao kwanza. Wengi waliwaambia wapangaji wahame. Wangu aliniambia mwisho wa mwezi. Alinipa na machungwa.

Nilikaa na yale machungwa hadi jioni, kisha nikashuka uani.

"Laoban," nikamwambia, maana ndivyo tulivyomwita kila mwenye chake kule, "nikikutengenezea gari, utakwenda na mimi kituoni?"

Aligeuza sikio zima. "Unalijua gari hili?"

"Nalijua."

"Utaleta mafundi?"

"Sileti."

"Winchi?"

"Winchi ingetusaidia."

"Winchi inaonekana barabarani. Watu watauliza inakwenda wapi. Meiyou." Neno hilo maana yake hakuna, na kule likishatamkwa hivyo huna haja ya kubishana.

"Basi bila winchi," nikasema.

Alilizunguka gari mara moja, akagonga boneti kwa kidole. "Likinguruma, nitakwenda."

Nilihitaji bega la pili. Nilimkuta yule wa Unguja chini ya Tianxiu akifunga maboksi kwa gundi ya karatasi. Alikuwa mtu mfupi, mpana, na alikuwa akiniita shemeji tangu siku alipomwona mdogo wangu, ingawa mdogo wangu alikuwa hajakubali hata chai yake. Nikamweleza habari ya gari la mzee.

"Shemeji, hiyo injini ina uzito gani?"

"Kama wewe na mkeo, ungekuwa na mke."

"Basi nusu ya hapo. Hilo mbona dogo."

Nikamwambia sikuja kumwita, nimekuja kumuuliza kama anamjua mwingine. Viza yake ilikuwa imekwisha miezi mingi iliyopita. Alikuwa akitembea kwa vichochoro, akilala kwa zamu katika vyumba vya wenzake, na sote tulijua kwamba siku akikutana na polisi uso kwa uso ndiyo siku atakayopandishwa ndege.

"Wapo wengine," akasema. "Wana viza. Mabega hawana. Yakhe, unataka mzigo ule abebe nani, yule mwalimu wenu wa kwaya?"

"Njia ya kuja kwangu ina daraja."

"Njia ya kuja kwako ina soko la samaki pia. Napita kwa samaki. Ijumaa, baada ya sala."

Siku zilizotangulia nilikuwa nimeshafanya kazi yangu ya peke yangu. Nilitoa boneti na betri, nikamwaga maji na oili, nikatoa rejeta, nikatoa kabureta na bomba la egzosi, nikafungua kichwa cha silinda ili chuma kipungue uzito. Chini ya gia boksi niliweka jeki isidondoke injini itakapochomoka. Mzee alikuwa akinipa sigara na kunitazama. Kila nati niliyoitoa aliichukua, akaifuta, akaipanga kwenye sahani za chai.

Kule gerejini kwetu winchi ilikuwepo lakini ilikuwa imekufa. Tulishusha injini kwa mabega. Unafunga mnyororo kwenye injini, unapitisha bomba la chuma, watu wawili wanasimama huku na huku juu ya kitu kilichoinuka, bomba linakaa mabegani. Mkishainua, gari ndilo linaloondoka, linasukumwa kinyumenyume, na injini inabaki hewani pale pale ilipokuwa. Mwenye bega haangalii pembeni na hapokelewi mpaka chuma kikae chini. Hayo nilifundishwa kwa kofi.

Ijumaa yule wa Unguja alifika na kanzu yake imekunjwa kwenye mfuko wa plastiki, amevaa fulana. Alinuka samaki kweli. Alimsalimia bibi mwenye nyumba kwa Kichina chake cha kupatana bei, bibi akacheka, akamsogezea kigoda. Mdogo wangu alikuwa ameshafika kutoka Zhanxi.

"Umekuja kuniangalia nikibeba?" rafiki yetu akamuuliza.

"Nimekuja kushika usukani."

"Basi shika vizuri. Mume wako asije akafa chini ya chuma cha Mwingereza."

"Nani mume wangu? Nenda kasimame kwenye paleti yako."

Paleti zilikuwa zile za mbao za kupakilia mizigo, nilizozipanga pande mbili za gari hadi usawa wa goti. Tulipanda. Niliweka gunia kwenye bega langu, yeye akaweka kanzu yake chini ya bomba, nikamwambia atoe, itachafuka, akasema itafuliwa. Tukahesabu, tukanyanyua.

Injini ilipanda kama shibiri moja na nusu, ikachomoka kwenye gia boksi vizuri, kisha ikasimama. Tulivuta tena. Ikainama upande mmoja, ikakataa.

"Kuna kitu kimeshika," nikasema.

Mdogo wangu aliacha usukani akaja na tochi. "Kuna mkanda huku chini. Umesukwa kama nywele."

Hapo nikajua. Magari yale yana mkanda wa shaba unaounganisha injini na bodi, umeme upate njia ya kurudi kwenye betri. Katika magari ya misheni mikanda ile ilikuwa imeshaoza au imeshaibwa kabla mimi sijaingia gerejini. Tulikuwa tunafunga waya wowote kutoka betri hadi kwenye injini, na ukishatoa betri na waya umeshautoa. Kwa miaka yote ile sikuwahi kufungua mkanda wa ethi kwa sababu sikuwahi kuukuta. Kwenye gari la mzee ulikuwepo, mzima, unang'aa, kwa sababu yeye hakuwahi kukosa kitu chochote cha gari lile.

Nilitaka tuishushe tena tuanze upya, lakini mzee alikuwa ameshalala chali na koleo mkononi, ameshaingia chini kutokea mbele. Alikwenda haraka kuliko nilivyomdhania. Kiwiliwili chake chote kilikuwa chini ya injini. Miguu tu ndiyo ilibaki nje, na ndala zake.

"Mzee, toka," mdogo wangu akamwambia. Alikuwa amegeuza kichwa, amelalia sikio zima. Hakusikia.

Tulisimama. Nilimwona rafiki yangu ng'ambo ya injini, shingo imemsimama mishipa. Koleo lilikuwa likisaga shaba pole pole, uzi mmoja mmoja.

"Anakata mkate?" akauliza.

"Kaa kimya ushike."

Bibi mwenye nyumba alisimama langoni. Hakupiga kelele. Alisema neno moja, gong'an, akarudisha komeo la lango. Sote tulilijua neno hilo. Polisi walikuwa kwenye nyumba ya jirani, wakienda mlango kwa mlango.

Nyuma ya ua palikuwa na jiko, na jiko lilikuwa na mlango wa kutokea kichochoroni. Rafiki yangu aliuona, nilimwona akiuona. Kutoka pale alipo ilikuwa kushuka paleti na kukimbia hatua chache.

"Mpe mdogo wangu bega," nikamwambia. "Toka."

Mdogo wangu alikuwa ameshasogea. Alikuwa tayari kupanda.

"Huyu hawezi," rafiki yangu akasema.

"Naweza."

"Huwezi, dada. Ukiteleza babu anapondeka kifua." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anavyokataa boksi lililofungwa vibaya. "Mvute miguu. Mvute babu, mimi niache."

Mdogo wangu alimshika mzee vifundo vya miguu akamvuta. Mzee alidhani anahimizwa amalize, akajibu kutoka chini kwamba bado kidogo. Bibi akaja, akampiga paja kwa kofi, akapiga tena. Komeo la lango liligongwa. Bibi hakwenda kufungua, akampiga paja mara ya tatu. Ndipo mkanda ulipokatika, injini ikaruka kidogo mabegani mwetu, mzee akatoka chini ya gari akiwa na masizi usoni na anatabasamu.

Lango lilisukumwa kwa nje, komeo likaachia. Waliingia wanne. Wa kwanza alisimama, akatazama watu wawili weusi juu ya paleti na injini katikati yao. Sijui alifikiri nini. Alisema kitu, mzee akamjibu, akamwonyesha kwa mikono kwamba gari lirudi nyuma. Askari mmoja kijana alivua kofia yake, akaiweka juu ya kigoda cha bibi, akasukuma gari pamoja na mzee. Mdogo wangu alirudi kwenye usukani. Gari likaondoka chini yetu. Tulishuka paleti, mguu mmoja kisha wa pili, tukaiweka injini juu ya tairi kuukuu. Ilikaa vizuri. Haikugonga.

Rafiki yangu alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Aliomba maji, bibi akampa. Alikunywa yote. Kisha akaenda kwenye mfuko wake wa plastiki akatoa pasipoti kabla hajaulizwa.

Yangu waliitazama, wakanirudishia. Ya mdogo wangu ilikuwa na viza mpya. Ya kwake waliifungua, wakapitia kurasa, wakaifunga. Mzee alianza kusema. Alisema kwa muda mrefu, kwa Kikantoni, akionyesha injini, akionyesha kifua chake. Mkubwa wao alisikiliza yote. Mzee alipomaliza, mkubwa akaandika.

"Shemeji," rafiki yangu akaniambia walipomshika mkono, "ile kanzu ifue kwa maji baridi. Oili ikipigwa maji moto haitoki."

Nikamjibu sawa. Ndilo jibu nililompa.

Kabla hawajatoka, mkubwa wao alimgeukia mwenye nyumba akamwambia kwamba yeyote anayelala pale aandikishwe kituoni kesho asubuhi, asipofanya hivyo atawajibika yeye. Kesho yake asubuhi mzee alivaa koti akaja kunigongea. Kituoni tulikaa kwenye benchi, tukaitwa, akatia sahihi, nikapewa karatasi. Injini ilikuwa bado iko juu ya tairi. Karatasi niliyoishushia injini ingepatikana hata kama nisingegusa nati moja.

Wiki zilizofuata niliitengeneza. Sikuona sababu ya kuiacha imefunguliwa. Mpwa wa mzee alileta ringi za pistoni na beringi kutoka Hong Kong, nikazifunga, nikaweka mkanda mpya wa ethi. Tuliirudisha injini mimi na jamaa wawili wa Mbeya wenye viza. Siku lilipowaka, mzee aliingia ndani, akafungua gazeti. Mimi nilisikiliza kama kuna kitu kinagonga. Hakikuwepo. Nikaenda kunawa mikono, kisha nikaenda posta kutuma ada za wadogo zangu.

Rafiki yangu walimweka ndani wiki kadhaa. Ili atoke alihitaji tiketi ya kurudia nyumbani, na Watanzania wa pale wakachanga, wa msikitini na wa kanisani, kama tulivyokuwa tukichangia misiba. Mdogo wangu alimpelekea mfuko wake na kanzu, niliyoifua kwa maji baridi ingawa oili haikuisha. Hakuruhusiwa kumwona. Mlinzi alipokea mfuko, akaupapasa, akaingia nao. Rafiki yangu aliondoka bila sisi kujua siku, na kwenye pasipoti alipigwa muhuri wa kutorudi kwa miaka mingi.

Maboksi aliyokuwa ameyaweka akiba nilimsafirishia. Nilidhani hilo limemaliza sehemu ya mambo. Lakini simu ya kwanza ndefu aliyonipigia hakuuliza maboksi.

"Huku mtaani wanasema nimekamatwa na unga," akasema.

"Nani anasema?"

"Wote. Mtu anarudi China mikono mitupu, kashushwa na askari kwenye ndege, wewe ungesema nini? Nimewaambia nilikuwa nimebeba injini. Wanacheka. Wananiuliza, injini ya nini, ndugu yetu, na wewe ulikuwa unafunga maboksi?"

"Na mama?"

"Mama hasemi. Ananipa chakula, hasemi. Ndilo baya."

Nikamwambia ampe mama simu. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba mwanangu, akaniuliza hali na wadogo zangu, mmoja mmoja, kana kwamba tunajuana. Nikamweleza yote, toka mkanda wa shaba mpaka maji aliyokunywa. Mwishoni akasema:

"Nimesikia, mwanangu. Lakini kwenye simu kila mtu ni mtu mwema. Njoo nikuone."

Mdogo wangu aliporudi nyumbani kwa biashara zake alivuka kwenda Unguja. Alikaa kwao siku mbili. Mama alimpokea, akampikia, akamsikiliza naye mpaka mwisho. Alipoondoka, mama alimwambia mwanawe kwamba binti yule ni mzuri na anampenda, na mwanamke akishampenda mtu atamsemea lolote. Mdogo wangu aliyapata hayo baadaye, akaniambia kwenye simu akicheka, kisha hakucheka. Mwaka uliofuata aliolewa na mtu wa kwetu.

Wa kwenda kumwona mama nimebaki mimi. Nimekuwa nikiongeza viza yangu kutoka ndani ya China mwaka hadi mwaka, kwa karatasi ile ile ya kituo, na mzee hupanda ngazi kunikumbusha tarehe. Walioondoka kwenda kuzika au kuoa, wakaomba viza upya Dar es Salaam, wengi hawakurudi. Wadogo zangu wawili wamemaliza shule. Wa mwisho yuko chuoni. Nimemweleza rafiki yangu kwamba nikitoka huenda nisirudi, ameelewa, na sitaki aelewe kila mara.

Kanzu ilitoka oili, aliniambia, isipokuwa begani. Amefungua kibanda cha kutengeneza pikipiki. Watu wanampelekea pikipiki na nyuma yake wanasema yale yale. Posa mbili zimekataliwa kwa ajili ya maneno hayo, moja ya kwake na moja ya mdogo wake.

Kila nikipiga simu namuuliza hali ya mama. Anasema hajambo, macho tu yanasumbua. Anasema mama huuliza yule mtu wa bara aliyeshika upande wa pili anakuja lini, na yeye humjibu kwamba niko njiani.